Malale Katika Pwani za Ziwa Victoria

Katika misiba iliyopata kuikumba nchi hii ya Uganda, ni michache iliyomeza watu wengi kwa muda mfupi kama ugonjwa wa malale ulioshika pwani za Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya ishirini. Waganda waliuita mongota, kwa ajili ya kusinzia kwake mgonjwa, ambaye kichwa humwinama mchana kweupe kama mtu aliyekesha usiku kucha. Ugonjwa huanza kwa homa na maumivu ya kichwa; tezi za shingo huvimba; kisha akili hugeuka, usingizi wa usiku humkimbia mgonjwa na ule wa mchana humlemea, hata hushindwa kutafuna chakula kilichomo kinywani mwake. Asipopata dawa, hufa. Hesabu inayotajwa mara nyingi na wataalamu ni kuwa zaidi ya watu 250,000 walikufa kati ya mwaka 1900 na 1920, wengi wao Waganda, Wasoga na wenyeji wa visiwa vya Sese na Buvuma.

Tumeona yafaa habari hii iwekwe katika kitabu hiki cha kumbukumbu cha chama chetu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba vijana wengi hupita kando ya ziwa wasijue kwa nini sehemu kubwa ya pwani ile ilikuwa tupu kwa miaka mingi. Ya pili yatuhusu zaidi sisi Waislamu wa nchi hii: walipotafutwa watu wa kulaumiwa kwa kuleta malale, waliotajwa mbele ya wote walikuwa askari wa Kisudani na jamaa zao, wazee wa ndugu zetu Wanubi. Lawama hiyo ilikaa vitabuni miongo mingi, na ni haki msomaji ajue ilikotoka na imefika wapi.

Asili yake ni hii. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alikwenda hata Kavalli, upande wa Ziwa Albert, akawakuta askari wa Kisudani waliobaki huko baada ya Emin Pasha kuondoka pamoja na Stanley mwaka 1889. Lugard aliwaandika katika utumishi, nao wakafuatana naye pamoja na wake, watoto na watumishi wao, jumla yao maelfu ya watu. Baadhi yao baadaye waliwekwa Busoga, na ndiko yalikotokea maasi yao ya mwaka 1897 katika ngome ya Luba, kando ya ziwa. Sasa ugonjwa ulipozuka Busoga miaka michache baadaye, matabibu walikumbuka kuwa Kongo kulikuwa na malale tangu zamani, na kuwa watu hawa walitoka mpakani mwa Kongo. Wakaunganisha mambo hayo mawili na kusema kwamba wao ndio walioileta. Ilikuwa dhana tu, lakini dhana ikirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa historia.

Waliotambua kwanza kuwa ugonjwa mpya umeingia ni madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert Cook na nduguye Howard, mapema mwaka 1901. Mwaka uliofuata Royal Society ya London, chama kikuu cha mabingwa wa sayansi wa Uingereza, ilituma wajumbe watatu: George Low, Aldo Castellani, ambaye alikuwa kijana wa Kitaliani, na Cuthbert Christy. Walikuja na wazo lililotungwa London kwamba malale husababishwa na minyoo midogo ya damuni. Wazo hilo halikudumu. Walipopima watu wa sehemu mbalimbali waliona kuwa minyoo ile huonekana hata mahali pasipo na malale kabisa, na mahali pengine penye malale haionekani. Ndipo Novemba 1902 Castellani alipotazama kwa hadubini maji yaliyotolewa katika uti wa mgongo wa mgonjwa, akaona vidudu vyembamba vyenye kujinyonganyonga kama samaki aliyevuliwa. Hivyo vilikuwa tripanosoma.

Machi 1903 alifika David Bruce. Huyu alikuwa amekwisha kufanya kazi Zululand pamoja na mkewe Mary, akathibitisha huko kuwa nagana, ugonjwa wa ng'ombe, huletwa na vidudu vya jamii hiyo hiyo vikichukuliwa na mbung'o. Kwa hiyo, Castellani alipomwambia aliyoyaona, Bruce hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Baadaye watu hawa wawili na wafuasi wao walibishana magazetini ni nani aliyestahili sifa, ubishi ambao haukumfaa mgonjwa hata mmoja.

Kazi ya Bruce iliyo nzuri kuliko zote, kwa maoni yetu, haikufanywa kwa hadubini bali kwa ramani. Aliomba msaada wa wamisionari, wakubwa wa serikali na machifu, na Katikiro Apolo Kagwa aliwahimiza machifu wa Buganda, ili kila mahali watu wakamate nzi wanaouma, wawapeleke Entebbe pamoja na habari za mahali walipokamatwa, na kueleza kama kuna malale hapo au hakuna. Vifurushi vilimiminika. Vilipopangwa, ilionekana wazi kuwa mbung'o wa majini, anayeitwa kivu na Waganda, hukaa katika ukanda mwembamba wa vichaka kando ya ziwa na mito, na malale nayo inakaa katika ukanda ule ule. Halafu Bruce na wenzake waliwaacha mbung'o wanyonye damu ya wagonjwa, kisha wakawaweka juu ya nyani wazima, nyani wakaugua. Yafaa isisahauliwe kuwa ramani hiyo, iliyompa mtu mmoja jina kubwa, ilitengenezwa kwa mikono ya watu wengi wa kawaida waliokwenda kuwinda nzi vichakani, na ambao majina yao hayakuandikwa.

Hata hivyo kujua chanzo si kujua dawa. Mwaka 1906 alikuja Hesketh Bell, aliyekuwa kwanza Kamishna kisha Gavana. Alipoona watu wanakufa tu na madaktari hawana la kuwapa, alitoa shauri zito: ikiwa haiwezekani kuwaondoa nzi kwa watu, basi watu waondolewe kwa nzi. Mabingwa wa wakati huo walidhani mbung'o hubeba vidudu mdomoni tu kwa siku mbili hivi, kama sindano iliyochafuka. Ikiwa ndivyo, pwani ikikosa watu wagonjwa kwa muda, mbung'o wangekuwa safi. Basi amri ikatolewa kuhamisha watu wote walio katika ukanda wa maili mbili kutoka maji. Pwani ya bara ilihamwa kwanza, na hadi mwaka 1909 visiwa navyo vilikuwa vimeondolewa watu. Kuvua samaki, kukata kuni pwani na kutia mitumbwi mahali pasiporuhusiwa kulipigwa marufuku. Bandari chache tu ziliachwa wazi, baada ya vichaka vyake kufyekwa.

Ni vigumu kwa mtu wa leo kufahamu maana ya jambo hilo. Mtu wa Sese alikuwa mtu wa maji: chakula chake samaki, njia yake mtumbwi, makaburi ya wazee wake visiwani. Aliambiwa aende bara kulima ndizi katika ardhi ya watu wengine, naye mara nyingi alikuwa na ugonjwa tayari mwilini, kwani malale ya aina ile inaweza kujificha kwa muda mrefu kabla ya kumwangusha mtu. Wengi walihama ili wafie bara. Vifo vipya vilipungua kweli. Hilo hatuwezi kulikana, na wapo waliookoka kwa sababu ya amri ile. Lakini hoja iliyoitegemeza amri haikuwa sahihi. Mwaka 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi upande wa Tanganyika wa ziwa hili hili, alionyesha kuwa vidudu hukua ndani ya mwili wa mbung'o kwa muda wa siku 20 hivi, kisha mbung'o huyo huweza kuambukiza kwa siku nyingi baada ya hapo. Wachunguzi waliokuwa Mpumu, wakiongozwa tena na Bruce, walikuta mbung'o wa pwani iliyohamwa zamani bado wana vidudu. Na wanyama wa pori, kama nzohe wa matete, nao walikutwa wakivibeba. Pwani tupu haikuwa pwani safi. Wenyeji waliruhusiwa kurudi kidogo kidogo, kuanzia miaka ya 1920 hivi, na wengi hawakurudi kamwe, kwa kuwa hawakuwapo tena wa kurudi.

Habari ya dawa ina uchungu wake pia. Katika mwaka ule ule wa 1906 alifika visiwa vya Sese Profesa Robert Koch wa Ujerumani, aliyegundua kidudu cha kifua kikuu na aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1905. Alifungua kambi katika kisiwa cha Bugala, na watu wakaja kwa wingi. Dawa yake ilikuwa atoksili, yenye asili ya zarniki, yaani sumu ile ile ambayo watu hutilia panya. Wagonjwa walipochomwa sindano, vidudu vilitoweka katika damu, tezi zikapungua, na wengine waliokuwa wamelala waliinuka wakatembea. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini baada ya muda vidudu vilirudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na hapo wagonjwa 22 walipofuka macho, wasione tena mpaka kufa kwao. Aliacha kipimo kile kikubwa, na kambi ikaendelea.

Twasema wazi kuwa hatumhesabu Koch kuwa mtu mwovu. Watu wale walikuwa wanakwenda kufa, na yeye alijaribu. Bali twauliza jambo moja ambalo siku zile halikuulizwa: je, mgonjwa wa Bugala alielezwa kuwa anajaribiwa? Kuona vidudu vimetoweka damuni leo si sawa na kumwona mtu yu hai, anaona na anafanya kazi baada ya miaka miwili. Na daktari anayehesabu la kwanza na kuliacha la pili amehesabu nusu. Elimu ya tiba ilichukua muda mrefu kulikubali hilo. Hata dawa iitwayo melarsoprol, iliyopatikana mwaka 1949 na kutumiwa kwa miongo mingi katika hospitali zetu, nayo ilikuwa ya zarniki. Iliwaponya wengi ambao ugonjwa umewafika ubongoni, lakini katika kila wagonjwa 20 hivi mmoja aliuawa na dawa yenyewe.

Sasa turudi kwenye ile lawama. Malale ya watu ina aina mbili, na vidudu vyake havitofautishwi kwa hadubini. Moja, gambiense, ndiyo ya Kongo na Afrika ya Magharibi. Huenda polepole kwa miaka, na hifadhi yake kubwa ni binadamu mwenyewe. Ya pili, rhodesiense, huua kwa miezi, na hukaa katika ng'ombe na wanyama wa pori. Aina hii ya pili haikupewa jina mpaka mwaka 1910, kwa hiyo wale waliofika Entebbe mwaka 1902 hawakuweza hata kuifikiria. Mwaka 1995 wataalamu watatu, Koerner, de Raadt na Maudlin, waliandika kuwa huenda ugonjwa wa Busoga ulitajwa kwa jina lisilo lake, na mwaka 2004 kumbukumbu za wagonjwa wa zamani zilipopimwa upya, zilionyesha kuwa mwendo wa ugonjwa kwa wengi wao ulifanana zaidi na ule wa rhodesiense. Ikiwa ni hivyo, haukuhitaji kuletwa na mtu kutoka Kongo. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imefagia ng'ombe, vita na njaa vikawatawanya watu, mashamba na malisho yakageuka vichaka, na mbung'o wakapata makao. Jambo lenyewe bado lina wanaolibishia. Lakini yeyote anayeandika leo kuwa malale ililetwa na Wasudani, kana kwamba limethibitishwa, anaandika zaidi ya anavyojua.

Na mambo ya ng'ombe si ya zamani tu. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake walithibitisha, kwa ng'ombe waliotoka Alego katika Nyanza, kuwa ng'ombe aonekanaye mzima aweza kubeba vidudu vya kumwambukiza binadamu. Yapata miaka 30 baadaye, mwishoni mwa 1998, malale ilizuka Soroti, mahali ambapo haikuwa ikijulikana. Wachunguzi waliowatembelea wagonjwa walipima umbali kutoka kila nyumba hadi mnada wa ng'ombe, wakaona kuwa kadiri mtu alivyokaa karibu na mnada ndivyo hatari yake ilivyozidi; na ng'ombe wengi wa mnada huo walinunuliwa katika wilaya zenye malale. Sheria iliyotaka ng'ombe wapewe dawa kabla ya kuuzwa ilikuwapo. Haikufuatwa. Kuanzia 2006 ilifanywa kampeni ya kuwatibu na kuwanyunyizia ng'ombe wa wilaya hizo, kwa kuwa ilihofiwa kuwa aina mbili za ugonjwa, ile ya kaskazini-magharibi na ile ya kusini-mashariki, zingekutana katikati ya nchi. Na Uganda ndiyo nchi pekee inayojulikana kuwa nazo zote mbili.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kuwa gambiense si tatizo tena la afya ya umma katika Uganda, na mwaka huo huo likathibitisha vivyo hivyo kuhusu rhodesiense katika Rwanda. Dawa ya kumeza, feksinidazoli, iliyokubaliwa kwanza mwaka 2018 kwa aina ya gambiense, ilijaribiwa baadaye kwa wagonjwa wa rhodesiense katika Malawi na katika hospitali ya Lwala hapa Uganda, na mwishoni mwa 2023 ikapata kibali kwa aina hiyo pia. Haina zarniki ndani yake. Mgonjwa huimeza pamoja na chakula, kwa siku kumi.