Mifupa ya Ngagi Yashuhudia juu Yetu

Watu wa Kashebere, wenyi kukaa kati ya Masisi na Walikale, hawahitaji kitabu kuambiwa ngagi ni nyama gani. Huyu wa kwetu, anayeitwa na wenyi elimu ngagi wa Grauer, haishi katika inchi nyingine yoyote ila mashariki ya Kongo. Jina hilo alilitoa Matschie, Mudachi, mwaka wa 1914, kwa heshima ya Grauer wa Austria, aliyekusanya nyama katika mapori yetu.

Ndani ya kila mwili mna maandiko madogo sana, yaitwayo ADN, ambayo mtoto anayapokea kwa baba na mama. Siku hizi wenyi elimu wanaweza kuyasoma hata katika mifupa ya zamani. Mwaka wa 2010 Svante Pääbo na wenzake walitangaza maandiko ya Waneandertali, watu wa kale wa Ulaya na Asia, waliotoweka yapata miaka 40,000 iliyopita. Mufupa wa mwanamuke mumoja, uliopatikana katika pango la Siberia, ulionyesha kwamba wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu. Watu wale walikuwa wamebaki wachache. Kama babu zetu ndio waliowamaliza, mabishano hayajaisha.

Juu ya ngagi mabishano ni kidogo. Yeye pia ni jamaa yetu kwa mwili: ADN yake inafanana na yetu karibu 98 kwa mia. (Mseminari asishituke kwa neno hilo. Papa Pio XII, katika Humani generis ya mwaka wa 1950, aliruhusu kuchunguza asili ya mwili, lakini roho yaumbwa na Mungu mwenyewe.)

Mwaka wa 2019, Tom van der Valk, Katerina Guschanski na wenzao wa Uppsala, Sweden, walilinganisha ngagi wa zamani waliowekwa katika majumba ya makumbusho, wengine wa miaka mia hivi, na ngagi wa leo. Ni vizazi vine au vitano tu vya ngagi. Katika ngagi wa Grauer waliona ADN imepungua namna zake, jamaa wa karibu wanazaliana, na makosa yenyi kudhuru mwili yameongezeka. Kwa ndugu yake, ngagi wa milima, hawakuona badiliko kubwa hivyo. Lakini tusimusifu upesi: yeye alikuwa mchache tangu zamani sana, hasara yake ilikwisha kutokea. Ila ametunzwa, na kisha hesabu yake imepita 1,000.

Tena angalieni hesabu ya wa kwetu. Kabla ya vita ya mwaka wa 1996 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka wa 2016 ilisemwa 3,800. Kati ya miaka hiyo bunduki zilijaa porini, na bei ya koltani ilipopanda mwaka wa 2000, watu wengi waliingia kuchimba hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega. Huko Bisie, katika Walikale, maelfu waliishi porini kwa kuchimba kasiteriti. Mchimbaji asiye na shamba hula nyama ya pori. Mimi sioni haki kumutwika mutega kamba kosa lote, hali madini yananunuliwa na watu wasioona pori hata siku moja. Mwalimu wa dini anayefundisha habari ya Adamu, aliyewekwa katika bustani ailime na kuitunza, aseme pia juu ya wanunuzi.

Mwaka wa 2021 hesabu mpya ilitoa 6,800. Wengine walifurahi, wakidhani ngagi wamezaa sana. Sivyo: mapori mengi zaidi yalipimwa, na ginsi ya kuhesabu ilikuwa bora. ADN iliyopotea haikurudi. Sehemu yake imebaki katika mifupa iliyolala Ulaya, kwenye masanduku ya makumbusho.