Cong: Kijiji cha Ireland chenye mfereji usiopita chombo

KIJIJI cha Cong, kilichopo katika Kaunti ya Mayo magharibi mwa Ireland, ni kidogo kiasi kwamba mgeni hukizunguka kwa miguu kwa muda mfupi tu. Hata hivyo, urithi wake ni mkubwa kuliko eneo lake.

Jina hilo limetokana na neno la Kiairishi lenye maana ya mahali pembamba, kwa kuwa kijiji kimekaa kwenye ukanda wa ardhi unaotenganisha maziwa ya Corrib na Mask.

Kivutio kikuu ni magofu ya abasia ya watawa wa Mtakatifu Augustino, ya karne ya 12. Hapo ndipo alipomalizia maisha yake Rory O'Connor, mfalme mkuu wa mwisho wa Ireland, aliyefariki mwaka 1198, miongo michache baada ya Wanormani kuivamia nchi hiyo. Kando ya mto kipo kibanda cha mawe chenye tundu sakafuni, ambamo watawa waliteremsha nyavu na kuvua samaki.

Msalaba wa Cong, uliotengenezwa mwaka 1123 kwa amri ya Turlough, baba yake Rory, haupo tena kijijini. Umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dublin.

Kumbukumbu ya kusikitisha zaidi ni mfereji. Ulichimbwa wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, baada ya ugonjwa kuangamiza viazi, chakula tegemeo cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa nchini humo. Kazi hiyo iliwapa wenye njaa ujira, na ilikusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo mawili ili vyombo vipite. Lakini miamba ya chokaa ya eneo hilo imejaa nyufa na mapango, hivyo maji yalizama ardhini. Mradi ulisitishwa mwaka 1854. Kuta zake za mawe bado zimesimama, na wakati wa kiangazi mfereji hubaki mkavu.

Umaarufu mwingine uliletwa na filamu ya The Quiet Man, iliyopigwa hapo mwaka 1951 ikiwashirikisha John Wayne na Maureen O'Hara. Filamu hiyo ilimpatia mwongozaji wake, John Ford, tuzo ya Oscar.

Jirani na kijiji lipo kasri la Ashford, lililoanzishwa mwaka 1228 na baadaye kumilikiwa na familia ya Guinness. Tangu mwaka 1939 limekuwa hoteli, na leo hupokea wageni matajiri. Kutoka hapo hadi kwenye mfereji uliochimbwa na wenye njaa si mwendo mrefu.