Klabu za Michezo za Qatar na Viwanja Vyake

Klabu za michezo za Qatar huendesha timu za michezo kadhaa, hasa soka na mpira wa mikono, chini ya jina na rangi moja. Nyingi ziko Doha na vitongoji vyake. Nyingine zina makao Al Wakrah, upande wa kusini, na Al Khor, upande wa kaskazini. Soka ndiyo yenye watazamaji wengi, lakini mpira wa mikono ndio ulioifikisha timu ya taifa kwenye fainali ya dunia.

Klabu

Al Ahli, iliyoanzishwa mwaka 1950, ndiyo klabu kongwe kuliko zote. Al Rayyan ilifuata mwaka 1967 na Al Sadd mwaka 1969. Al Sadd inaongoza kwa mataji ya ligi ya soka, na mwaka 2011 ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Asia kwa kuifunga Jeonbuk kwa penalti huko Korea Kusini. Timu yake ya mpira wa mikono ilikuwa imekwisha kutwaa ubingwa wa dunia wa klabu mwaka 2002, mjini Doha.

Al Duhail ilizaliwa mwaka 2017, Lekhwiya na El Jaish zilipounganishwa. Mashabiki wa Afrika Mashariki wanaijua kupitia Mkenya Michael Olunga, aliyejiunga nayo mwaka 2021 na kuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2021/22.

Viwanja

Al Sadd huchezea Uwanja wa Jassim bin Hamad, wenye nafasi ya watu wapatao 15,000. Al Rayyan hutumia Ahmad bin Ali, uliojengwa upya mahali pa uwanja wa zamani na kufunguliwa Desemba 2020 kwa fainali ya Kombe la Amir. Sehemu kubwa ya vifaa vya jengo lililobomolewa ilitumika tena.

Al Wakrah ina Al Janoub, uliofunguliwa Mei 2019. Mbunifu wake, Zaha Hadid, aliyefariki mwaka 2016, alichukua umbo la majahazi ya wavuvi na wazamia lulu wa mji huo: mtazamaji akiinua macho huona boriti za paa zimejipinda kama mataruma ya chombo. Hewa baridi hutoka kwenye matundu chini ya viti na kwenye midomo mikubwa kandokando ya uwanja, kisha hufyonzwa, huchujwa na kupoozwa tena. Bila mtambo huo ingekuwa vigumu kucheza wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 40.

Kumbi za mpira wa mikono

Mpira wa mikono huchezwa ndani, hivyo joto haliusumbui. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la wanaume la mwaka 2015 zilijengwa kumbi tatu: Lusail, yenye viti zaidi ya 15,000, Ali bin Hamad Al Attiyah, Doha, na ukumbi wa Duhail. Qatar, chini ya kocha Mhispania Valero Rivera, ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya kufika fainali, na huko Lusail ilifungwa na Ufaransa 25–22.

Kikosi kile kilikosolewa sana kwa kuwa na wachezaji wengi waliozaliwa nchi nyingine na kupewa uraia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi kueleza yaliyofuata: kuanzia 2014 hadi 2024 Qatar ilitwaa ubingwa wa Asia mara sita mfululizo. Mafanikio ya muda mrefu kiasi hicho yanahitaji ligi na klabu zinazocheza kila msimu. Kwa hiyo anayetaka kuijua michezo ya Qatar asiishie kwenye viwanja vya Kombe la Dunia la soka la 2022. Aziangalie pia kumbi zake, maana huko ndiko nchi hii ilikopata mojawapo ya heshima zake kubwa za kimichezo duniani.