Wachukuzi wa Vifurushi

Kifurushi kinapofika mlangoni, msomaji, hukioni ila kwa mkono wa mtu mmoja, yule aliyebisha hodi. Wale waliokinyanyua ghalani usiku, wakakipanga garini kabla ya jua kuchomoza, huwajui wala hawakujui. Nataka uitazame nami historia ya kampuni moja ya Marekani, United Parcel Service, kwani ndani yake utaona kazi iliyompa mtu riziki njema na papo hapo ikamla mgongo. Utaona pia kwamba riziki hiyo na maumivu hayo havikugawanywa sawasawa.

Kampuni ilianzishwa mwaka wa 1907 katika mji wa Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani. Mwanzilishi wake, James Casey, alikuwa kijana wa miaka 19. Baba yake alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Casey alikuwa amekwisha kuonja kazi tangu umri wa miaka 11, akipeleka bidhaa za duka majumbani mwa wateja. Yeye na mwenziwe Claude Ryan walikopa dola 100, wakafungua ofisi katika chumba kidogo cha chini ya ardhi. Siku hizo simu zilikuwa chache, na mtu aliyetaka kupeleka ujumbe au mzigo aliwaita vijana hawa, nao wakaenda kwa miguu au kwa baiskeli. Mwaka wa 1913 walipata gari lao la kwanza, Ford. Mwaka wa 1916 wakachagua rangi ya kahawia, kwa kuwa haionyeshi uchafu upesi, na mwaka wa 1919 wakaanza kutumia jina la United Parcel Service.

Mwaka huo wa 1916 lilitokea jambo lisilo la kawaida kwa matajiri: Casey mwenyewe aliwakaribisha Teamsters wawe chama cha madereva wake. Jina hilo maana yake ni waendeshaji wa magari ya kukokotwa na wanyama, maana chama kilipoundwa mwaka wa 1903 mizigo ya mijini ilivutwa na farasi. Farasi wamekwisha, jina limebaki. Ni haki kumsifu Casey kwa ukarimu ule. Lakini ni haki vile vile kukumbuka kwamba mambo mengi mema waliyoyapata madereva baadaye yaliandikwa katika mikataba, na kila mkataba ulibishaniwa.

Mambo mema hayo yalikuwa makubwa. Mtu asiyekanyaga chuo kikuu aliweza, kwa kuendesha gari la kahawia, kujenga nyumba, kutibiwa pamoja na jamaa yake, na kustaafu kwa pensheni. Tena kampuni ilikuwa na desturi ya kuwapandisha watu wake wa ndani, hata wakubwa wengi walianza kwa kubeba vifurushi. Wakubwa hao walimiliki hisa kwa miaka mingi, na hisa zilipouzwa kwa umma mwaka wa 1999, wengi wao walitajirika.

Sasa itazame kazi yenyewe. Wapimaji wa kampuni walimfuata dereva na saa mkononi. Wakahesabu hatua zake, wakaamua ufunguo ushikwe kwa kidole gani na mlango ufunguliwe vipi, ili sekunde isipotee. Katika karne hii vyombo vya umeme vilichukua nafasi ya wapimaji: gari lenyewe likaandika limesimama wapi, limerudi nyuma mara ngapi, na kama dereva amefunga mkanda. Dereva huwa peke yake barabarani, lakini hayuko huru.

Na mzigo? Wazee wetu wa pwani walipima kwa frasila, ambayo ni ratili 35, au kilo 16 hivi. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19, aliyetoka Mombasa kwenda bara, alitwikwa karibu frasila mbili. Ajabu ni kwamba kifurushi kizito kabisa kilichopokewa na kampuni hii hadi mwanzo wa mwaka wa 1994 kilikuwa cha ratili 70, yaani frasila mbili zile zile. Mwezi wa Februari mwaka huo kampuni ilipandisha kiasi hicho hadi ratili 150, zaidi ya frasila nne. Wafanyakazi maelfu waligoma siku moja. Kiasi kile hakikurudishwa chini, ila yalifanyika mapatano juu ya namna ya kupata msaidizi wa kunyanyua.

Lakini maumivu makubwa zaidi yalikuwa ghalani. Humo walifanya kazi wapakiaji walioajiriwa kwa saa chache tu kila siku, wengi wao vijana na wanafunzi. Tangu mwaka wa 1982 mshahara wao wa kuanzia ulikuwa dola 8 kwa saa, na miaka 15 baadaye ulikuwa dola 8 zile zile, hali dereva alikuwa akikaribia dola 20. Kufikia mwaka wa 1997 watu wa saa chache walikuwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote. Aliyetaka kuwa dereva alingoja zamu yake, mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 4 Agosti 1997 wafanyakazi 185,000 waliacha kazi. Kiongozi wao, Ron Carey, alikuwa zamani dereva wa kampuni hii mjini New York. Chama kiliweza kumpa kila mgomaji dola 55 tu kwa juma. Jaribu kuilisha nyumba kwa fedha hizo, msomaji, utajua ulikuwa mgomo wa namna gani! Kampuni ilidhani raia watakasirika kwa kukosa vifurushi vyao. Kinyume chake, zaidi ya nusu yao walisema wanawaunga mkono wagomaji, kwani kila mmoja alikuwa akimjua dereva wa mtaani kwake. Baada ya siku 15 kampuni ilikubali kufanya nafasi 10,000 za kazi ya siku nzima kutokana na zile za saa chache, na pensheni ikabaki katika mfuko wa chama. Carey mwenyewe aliondolewa chamani baadaye kwa habari ya fedha za uchaguzi wake. Mahakama ilimwona hana hatia ya kusema uongo mwaka wa 2001.

Mwaka wa 2023 mgomo mwingine ulikaribia, ukazuiwa na mkataba wa miaka mitano. Wapakiaji walipata si chini ya dola 21 kwa saa, na madereva wa daraja la juu waliahidiwa wastani wa dola 49 mwisho wa mkataba. Jambo lililoshindaniwa sana lilikuwa joto, maana nyuma ya gari, wakati wa kiangazi, huwa kama tanuri, na magari mengi hayakuwa na mashine ya kupoza hewa. Ilikubaliwa kwamba magari yatakayonunuliwa tangu Januari 2024 yawe nayo. Yale ya zamani yalitiwa feni mbili, yakaendelea kutoka kila asubuhi.