Kupatwa kwa Jua: tarehe zinajulikanaje, na ujumbe wa uongo unautambuaje

Katikati ya mwaka 2025 ulisambaa kwenye simu ujumbe uliosema kwamba tarehe 2 Agosti dunia nzima itaingia gizani kwa dakika sita. Wengine waliongeza ya kwao: mifugo ifungwe, watoto wasitoke nje, maji yachotwe mapema. Siku ikafika, Jua likawaka kama kawaida, na waliotuma ujumbe wakanyamaza.

Ajabu ni kwamba ujumbe ule haukutungwa wote kichwani mwa mtu. Tarehe 2 Agosti kweli kuna kupatwa kwa Jua, na kweli mahali fulani giza litazidi dakika sita. Ila ni mwaka 2027, na si dunia nzima. Mtu aliondoa mwaka, akaondoa mahali, akabakiza hofu. Kwa kuwa 2027 tarehe hiyo itarudi na safari hii kitu chenyewe kitatokea, ni vizuri msikilizaji wetu wa Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu ajue mapema hesabu hizi zinafanywaje, na hapa kwetu tutaona nini hasa.

Jua hupatwa pale Mwezi unapopita katikati ya Jua na Dunia, kivuli chake kikatuangukia. Basi. Kiswahili chetu kinasema "kupatwa" kana kwamba Jua limeugua au limekamatwa, na makabila mengi husema limeliwa. Kwa Wairaqw, ambao jina Looa hubeba Jua na Mungu kwa pamoja, si ajabu mzee akishtuka kuliona limepungua mchana kweupe. Lakini Jua lenyewe halipati chochote. Ni kama mtu apite mbele ya taa ya kandili: taa inaendelea kuwaka, ila aliyekaa nyuma ya mtu huyo haioni.

Hapo swali huja: kama Mwezi unatuzunguka kila mwezi, mbona Jua halipatwi kila mwezi? Chukua ringi mbili za baiskeli, moja uiweke ndani ya nyingine, kisha uinamishe kidogo ile ya ndani. Utaona zinakutana sehemu mbili tu. Njia ya Mwezi imeinama hivyo kwa nyuzi kama 5 ukilinganisha na njia ambayo Jua huonekana kuipita angani. Nyuzi 5 ni ndogo kuzitamka, lakini angani ni sawa na upana wa Mwezi mara kumi. Kwa hiyo miezi mingi Mwezi hupita juu ya Jua au chini yake, na kivuli chake huikosa Dunia. Ni pale tu Jua linapokuwa karibu na moja ya zile sehemu mbili za makutano ndipo vitatu hivi hunyooka kwa mstari mmoja. Nafasi hiyo hurudi kila baada ya siku zipatazo 173, yaani karibu nusu mwaka. Ndiyo maana kila mwaka Jua hupatwa walau mara 2 mahali fulani duniani, na haiwezi kuzidi mara 5.

Kutokana na hilo unapata kipimo ambacho hakihitaji bando wala mtaalamu. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa siku ambayo Mwezi hauonekani kabisa usiku, ile siku ya mwisho kabla ya mwezi kuandama. Ndugu zetu Waislamu wanaofuata mwandamo wanaijua: ni mwishoni kabisa mwa mwezi wao. Ukipata ujumbe kwamba kesho Jua litapatwa, na jioni hii Mwezi uko angani umefika nusu, ufute. Tarehe 2 Agosti 2025 Mwezi ulikuwa umepita nusu kidogo, na jioni yake ulionekana wazi juu ya vichwa vyetu. Jibu la ujumbe ule lilikuwa angani, kwa yeyote aliyetoka nje ya nyumba yake.

Kupatwa kwa Mwezi ni kinyume chake. Huko Dunia ndiyo hukaa katikati, na hutokea usiku wa mwezi mpevu peke yake. Mara nyingi viwili hivi hufuatana kwa wiki mbili: tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulipatwa wote, ukawa mwekundu usiku, na tarehe 21 Septemba Jua likapatwa kwa sehemu huko New Zealand na kusini mwa dunia, sisi hatukuona kitu. Mwezi ukipatwa, utazame utakavyo, hauna madhara kwa macho. Kwa Jua ni habari nyingine, nitaifikia.

Sasa, mtu anajuaje tarehe ya miaka ijayo? Wa kwanza kugundua mpangilio walikuwa watu wa Babeli, nchi ambayo leo ni Iraki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hawakuwa na darubini. Walikuwa na kumbukumbu: waliandika kila Mwezi au Jua lilipopatwa, baba akamwachia mtoto, mpaka wakaona jambo. Baada ya miaka 18 na siku 10 au 11, na kama saa 8 juu yake, Jua, Mwezi na Dunia hurudi karibu kabisa katika mkao uleule, na kupatwa kulekule hujirudia.

Zile saa 8 ndizo zenye utamu. Katika saa 8 Dunia huwa imejizungusha theluthi moja, kwa hiyo kupatwa kunaporudi kunaangukia watu wengine, mbali upande wa magharibi. Chukua mfano wetu wenyewe. Tarehe 16 Februari 1980, siku ya Jumamosi kabla ya adhuhuri, Jua lilipatwa lote. Kivuli kilitoka Angola, kikapita Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, kikakatiza Tanzania na kuingia kusini mwa Kenya kabla ya kuvuka bahari hadi India. Hapa Mbulu na Hanang Jua lilifunikwa lote, na walio na umri wa miaka hamsini na zaidi waulizwe, huenda wengine wanakumbuka kuku walivyojipanga kulala saa za kazi. Kupatwa huko kulirudi tarehe 26 Februari 1998, lakini kulipita Panama, Kolombia na Venezuela. Kukarudi tarehe 9 Machi 2016, safari hii Indonesia. Kutarudi tena tarehe 20 Machi 2034, na kwa kuwa theluthi tatu zimetimia, ni zamu ya Afrika: Nigeria, Kamerun, Chad, Sudan na Misri, kisha Saudia kwenda mbele. Miaka 54 na mwezi mmoja, na kivuli kimerudi bara lake, ila kimesogea kaskazini.

Mpangilio wa Babeli unakupa siku, lakini haukupi njia kwa uhakika. Hilo lilikuja baada ya Isaac Newton kueleza kwa hesabu jinsi Mwezi unavyovutwa. Mwaka 1715 Mwingereza Edmond Halley alichapisha ramani ya Uingereza iliyochorwa njia ya kivuli kabla Jua halijapatwa. Alikosea kama dakika 4 tu. Na sababu aliyoitoa ya kuichapisha ni ileile inayotufanya tuandike hapa: watu wasishtuke wakadhani ni ishara mbaya.

Leo makosa yamepungua hadi sekunde. Wanaanga wa Marekani walioanza kutua mwezini mwaka 1969 waliacha huko vioo maalumu. Wanasayansi huvimulika kwa mwanga wa leza kutoka duniani, wakapima muda unaochukua kwenda na kurudi, na kwa njia hiyo umbali wa Mwezi hujulikana kwa sentimita. Shirika la anga la Marekani, NASA, limechapisha orodha ya kupatwa kwa Jua kwa miaka 5,000, iliyopita na ijayo, hadi mwaka 3000. Kinachowasumbua kidogo ni Dunia yetu, maana mzunguko wake hupungua kasi taratibu na si kwa kipimo kile kile. Kwa mwaka 2031 haina shida. Kwa mwaka 2900 mtu anaweza kukuambia siku, lakini asiape kivuli kitapita kijiji gani.

Kitu ambacho hesabu hazikuambii ni mawingu. Tarehe 3 Novemba 2013 wageni walisafiri hadi Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, kutazama Jua likipatwa jioni. Hesabu zilikuwa sahihi hadi sekunde. Ikaja dhoruba ya mchanga na mvua. Wenzao waliokuwa Pakwach, kaskazini mwa Uganda, waliona.

Utabiri kamili una mambo matatu, na ujumbe usiokuwa nayo usiuamini: ni aina gani, njia ipi, na saa ngapi kwa mahali ulipo. Aina zinatofautiana kwa sababu Mwezi wakati mwingine uko karibu nasi, wakati mwingine mbali. Jua ni pana kuliko Mwezi mara kama 400, lakini liko mbali mara kama 400 pia, ndiyo maana machoni vinaonekana kulingana. Mwezi ukiwa karibu hufunika Jua lote, giza likaingia. Ukiwa mbali haufikii kingo, na Jua hubaki kama pete ya moto. Hiyo pete ndiyo iliyoonekana kusini mwa nchi yetu Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, na watu wengi walikusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali. Mahali pete ilipodumu zaidi duniani kote siku ile palikuwa kusini mwa Tanzania, kwa dakika 3 na sekunde 6. Sisi wa Manyara tuliona Jua limemegwa tu, ingawa sehemu kubwa. Hiyo ndiyo aina ya tatu, ya sehemu, na ndiyo inayowapata watu wengi, kwa sababu njia yenyewe ni nyembamba. Kwa wastani mahali pamoja husubiri miaka ipatayo 375 kuona Jua likifunikwa lote.

Tuje kwenye tarehe zetu.

Jumatatu, 2 Agosti 2027, Jua litafunikwa lote kwenye ukanda wenye upana wa kilomita zipatazo 258 unaopita kusini mwa Hispania, Moroko, Aljeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudia, Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia. Karibu na Luxor, Misri, giza litadumu dakika 6 na sekunde 23. Hizo ndizo "dakika sita" za ujumbe ule. Mwenye ndugu anayefanya kazi Jeddah au Makka ampigie simu, wao wamo ndani ya njia. Hapa kwetu itakuwa mchana, na Mwezi utamega sehemu ndogo ya Jua. Hakutakuwa na giza. Mtu anayepalilia au kupukuchua mahindi bila kuambiwa anaweza kumaliza siku hajui kama kulikuwa na jambo.

Jumatano, 21 Mei 2031, ndiyo ya kuiwekea alama kwenye kalenda. Itakuwa pete, itaanzia Angola asubuhi Jua linapochomoza, ipite Zambia na Kongo, iingie Tanzania, kisha ivuke bahari kwenda kusini mwa India. Mbulu na Hanang Jua litakuwa limemegwa sehemu kubwa, asubuhi watoto wakiwa shuleni. Ukungu wetu wa mwezi wa tano ndio wa kuuogopa.

Na macho. Jua likipatwa halitoi sumu wala mionzi mipya, mwanga ni uleule wa kila siku. Tofauti ni kwamba siku nyingine macho yenyewe hukataa kulitazama, na siku hiyo unalazimisha. Ndani ya jicho, pale picha inapoangukia, hapana mishipa ya maumivu. Unaungua bila kusikia, kesho yake unagundua katikati ya kila unachotazama kuna doa. Kwa Manyara, 2027 na 2031, hakuna hata sekunde moja ambayo ni salama kutazama kwa macho matupu, kwa kuwa Jua halitafunikwa lote.

Miwani ya jua ya dukani haifai. Picha ya eksirei haifai, wala kioo kilichopakwa moshi wa kibatari, wala kuangalia Jua ndani ya beseni la maji, ambayo wengi wetu tumefundishwa utotoni. Miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua inafaa ikiwa haina mikwaruzo. Kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14, na hapo muulize fundi wako vizuri, maana vioo vingi vya mafundi mageti ni namba 10 au 11, haviwezi.

Njia ya bure ni kulipa Jua mgongo. Toboa tundu dogo kwenye kipande cha boksi kwa sindano, kishike mwanga upite, na uweke karatasi nyeupe chini yake. Utaona kijua kidogo kilichomegwa. Chekeche la jikoni litakupa vijua mia kwa mara moja, na chini ya mti wenye majani mengi ardhi nzima itajaa hilali, kila upenyo kati ya majani ukiwa na yake.