Ng'ombe, Daftari na Damu: Historia ya Kuulizia Asili ya Baba Usukumani na Geita

1. Utangulizi

Katika nchi za Ulaya na Marekani, mwanamume anayetoa mbegu zake ili mwanamke asiyemfahamu apate mtoto hujaza kwanza fomu ndefu. Huulizwa wazazi wake ni akina nani, babu na bibi zake walikufa kwa ugonjwa gani, na kama katika ukoo wao kuna kifafa, kisukari, saratani au ugonjwa wa akili. Msomaji wa Shinyanga aweza kudhani kwamba jambo hili ni la mbali, lisilomhusu. Sisi tunaona kinyume. Maswali ya fomu hiyo ni ya zamani sana katika nchi yetu. Kilichobadilika ni yule anayeyauliza, na kile anachokusudia kufanya na majibu.

Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya maswali hayo katika eneo la Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Tutaonyesha kwamba baba ametambuliwa kwa njia tatu: kwa ng'ombe, kwa daftari na kwa damu. Kila njia ilijibu swali lake, wala hakuna iliyoweza kujibu maswali ya zile nyingine. Mwishoni tutauliza kanisa lina wajibu gani kwa mtoto ambaye kwake njia zote tatu zimefungwa.

2. Ng'ombe ndio waliomfanya baba

Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mtaalamu wa mila, alichapisha mwaka 1953 kitabu kikubwa juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Kanuni moja kuu inayojitokeza katika desturi hizo ni hii: mahali pa mtoto hutegemea mahari. Mwanamume aliyetoa ng'ombe ndiye baba wa watoto wa mkewe, na watoto hao ni wa ukoo wake. Ambapo ng'ombe hawakutolewa, watoto walibaki upande wa mama, wakalelewa na kurithi kwa wajomba. Yule aliyemzaa mtoto kwa mwili hakuwa na dai lolote kwa sababu ya kuzaa peke yake.

Majirani wa Usukuma katika mkoa wa Mara waliifikisha kanuni hiyo mbali zaidi. Miongoni mwa Wakurya iko ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwenzake. Binti huyo huzaa na mwanamume fulani, na watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule mwanamke aliyetoa ng'ombe. Mwanamume ni mtoa mbegu tu, si baba. Basi jambo linalodhaniwa kuwa uvumbuzi wa hospitali za kisasa lilikuwa na mfano wake kando ya Ziwa Victoria bila maabara yoyote.

Wanatheolojia hawana sababu ya kushangaa. Sheria ya Kumbukumbu la Torati sura ya 25 ilimwagiza ndugu wa marehemu amzalie marehemu mzao, na kitabu cha Ruthu kinasimulia desturi iliyo karibu na hiyo. Huko nako, aliyezaa na aliyeitwa baba waliweza kuwa watu wawili.

Tukiitazama desturi hii kwa haki, tunaona jema lake: mtoto hakukosa kwao. Alikuwa wa baba mwenye ng'ombe au wa wajomba. Hakuwa wa barabarani. Lakini tunaona pia lililokosekana. Ng'ombe walijibu swali la mtoto ni wa nani. Hawakujibu swali la mtoto amerithi nini mwilini.

3. Ukoo uliouliziwa

Swali hilo la pili halikusahauliwa, lilitangulia mahari. Kabla ng'ombe hawajahesabiwa, wazee wa pande zote mbili walipeleleza. Je, ukoo ule una ukoma? Una kifafa? Una wazimu? Wanawake wake huzaa watoto wanaoishi? Je, wana sifa ya uchawi? Mshenga alikuwa, kwa namna yake, karani wa historia ya afya ya ukoo, ingawa hakuandika neno.

Hatuna budi kuheshimu hekima hiyo, kwa maana ilitambua kwamba baadhi ya magonjwa hufuata damu. Hata hivyo, ilichanganya mambo yasiyofanana. Ukoma haurithiwi. Wala kosa hilo halikuwa la Waafrika peke yao. Nchini Norwei, nchi ya Kilutheri iliyosumbuliwa sana na ukoma katika karne ya 19, daktari mashuhuri Daniel Cornelius Danielssen aliamini kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi. Mkwewe, Gerhard Armauer Hansen wa mji wa Bergen, ndiye aliyeona mwaka 1873 vijidudu vinavyouleta. Basi familia za Norwei nazo zilihesabiwa kuwa na damu mbaya kwa ajili ya ugonjwa wa kuambukizwa.

Kasoro kubwa zaidi ya upelelezi wa mshenga ilikuwa shabaha yake. Ulifanywa ili kuukwepa ukoo wenye kasoro. Hivyo kila ukoo ulijifunza kuficha. Mtoto mwenye kifafa alifichwa ndani wageni wa posa walipofika, na vifo vya watoto wachanga havikutajwa. Maarifa yanayotumika kumwaibisha mwenye nayo hujenga siri. Jambo hili tutaliona tena.

4. Daftari

Misheni na serikali zilileta njia ya pili, yaani maandishi. Kitabu cha ubatizo na cheti cha kuzaliwa vina nafasi ya jina la baba. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilitangaza sheria za mila za makabila yanayofuata upande wa baba, na humo kanuni za ng'ombe zikawekwa katika lugha ya serikali. Mwanamume aliyezaa nje ya ndoa aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumwoa mama yake, au kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Ng'ombe walikuwa wamegeuzwa kuwa fedha, na fedha kuwa mstari wa kalamu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilichukua hatua nyingine. Inasema kwamba mtoto ana haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa damu pamoja na jamaa zake. Tuzingatie mgeuko huo. Katika desturi ya kale, kuujua ukoo kulikuwa haki ya wazee wanaotaka kuoza. Katika sheria hii ni haki ya mtoto mwenyewe. Nchi ya Uswidi, ambayo kanisa lake lilituma wamisionari Buhaya, ilikuwa imefikia wazo kama hilo kwa watoto waliozaliwa kwa mbegu za mtoaji: sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1985 ilimpa mtoto huyo, akikomaa, haki ya kujua ni nani aliyetoa. Ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo.

5. Dhahabu

Haki iliyoandikwa hukutana na hali halisi. Hali halisi ya ukanda wetu ni dhahabu. Wajerumani waliitambua dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi mkubwa ulifanya kazi huko tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika Bulyanhulu na kwingineko, na mwaka 1996 wakaondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Mgodi mpya wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000.

Mchimbaji mdogo hutoka mbali na huhama upesi. Duara likikauka, huenda kwenye mfumuko mwingine wa dhahabu, pengine akijulikana kwa jina la utani tu. Mtoto anayezaliwa kambini humkuta baba ameshaondoka. Ng'ombe hawakutolewa, hivyo hana ukoo wa baba. Mshenga hakutumwa, hivyo hakuna aliyeulizia. Wajomba wako mbali, pengine hawana habari. Daftarini nafasi ya baba huachwa tupu. Huyu ndiye mtoto ambaye njia za kale zimemshinda, na wala hakuna fomu iliyojazwa kwa ajili yake.

6. Damu

Katika hali hiyo ndipo njia ya tatu ilipokuja. Ugonjwa wa selimundu ulielezwa na James Herrick wa Chicago mwaka 1910. Mwaka 1949 James Neel nchini Marekani na E. A. Beet aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini walionyesha, kila mmoja kwa uchunguzi wake, namna unavyorithiwa: mtoto huugua akipokea chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia. Aliyepokea moja tu ni mzima, lakini aweza kuirithisha. Wawili wa namna hiyo wakizaa pamoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu ya wingi wa hali hiyo Afrika Mashariki: mwenye chembe moja hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Hayo yanatuhusu moja kwa moja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa sampuli za damu za watoto wadogo wapatao 17,200 zilizokuwa katika maabara ya Bugando, Mwanza, ulikuta kwamba katika mikoa ya kaskazini-magharibi mtoto mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo, mtoto wa kambini asiyejua habari za baba yake hakosi jina tu. Anakosa onyo ambalo lingeweza kumfikisha hospitali mapema.

Ualbino nao hufuata kanuni hiyo hiyo: hutoka kwa wazazi wote wawili, nao wenyewe huweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa. Hapa ujinga umegharimu uhai. Mama aliyezaa mtoto mwenye ualbino ameshutumiwa mara nyingi kwamba alitoka nje ya ndoa, au kwamba amelaaniwa, na mume akamwacha. Aliyeitwa si wa damu yetu aliweza kisha kuhesabiwa kuwa si mtu. Tangu miaka ya 2006 na 2007 eneo letu lilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri katika migodi na uvuvi. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana wa miaka 14 wilayani Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Mwezi Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja aliporwa na kuuawa wilayani Chato. Mwaka 2024 mtoto mwingine aliuawa Muleba. Watoto wengi walipelekwa kulindwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakasalimika. Lakini wengine wao walitengwa na jamaa zao.

Tangu mwaka 2009 iko pia sheria ya matumizi ya vinasaba vya binadamu, na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima damu ili kumtambua baba. Lakini tusidhani kwamba kipimo kitamaliza yote. Mwaka 2025, katika mkutano wa wataalamu wa urithi wa mwili uliofanyika Milan, ilielezwa habari ya mtoaji wa mbegu wa Ulaya aliyekuwa mzima wa afya na kupita vipimo vya kawaida, kumbe baadhi ya mbegu zake zilibeba kasoro inayoleta saratani. Watoto 67 katika nchi nane walikuwa wamekwisha kutambuliwa, na 10 kati yao walikuwa wameugua. Hata fomu ndefu kuliko zote haioni yote. Iliyosaidia ni kumbukumbu zilizotunzwa, zilizowezesha watoto hao kutafutwa na kuonywa.

7. Hitimisho: wajibu wa kanisa

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, ng'ombe walijua jambo ambalo kipimo cha damu hakilijui: ubaba ni kupokea na kulea. Yusufu wa Nazareti aliitwa baba kwa njia hiyo, na Mathayo hakuona haya kuandika ukoo wa Bwana wetu kwa kupitia kwake, wala kuwataja ndani yake Tamari na Rahabu. Pili, kuujua ukoo ni jambo jema, nalo huharibika linapofanywa kuwa kipimo cha thamani ya mtu. Wanafunzi katika Yohana sura ya 9 waliuliza swali la mshenga, kosa liko kwa nani katika ukoo ule, na Bwana alikataa swali lenyewe. Ezekieli sura ya 18 inakataa vilevile kumtwisha mtoto hatia ya wazazi. Kurithi ugonjwa si kurithi hatia.

Tatu, maarifa ya ukoo ni mali ya mtoto. Kwa hiyo twashauri kwamba mafundisho kabla ya ndoa, katika dayosisi zetu za kando ya ziwa, yawe na somo juu ya selimundu na ualbino, likisema wazi kwamba hutoka pande zote mbili, na kwamba kupimwa si kutafuta wa kukataliwa. Twashauri pia kwamba mchungaji anayembatiza mtoto wa kambini asiridhike na nafasi tupu. Amsikilize mama kwa faragha na kwa upole, aandike analolijua: kijiji alikotoka baba, ugonjwa uliotajwa, jina hata likiwa la utani. Maandishi hayo yatunzwe kwa siri ya huduma, yasisomwe na yeyote isipokuwa kwa faida ya mtoto. Siku moja atakuja kuuliza. Usharika uliompokea kwenye maji ya ubatizo bila kudai ng'ombe unapaswa kuwa na jibu la kumpa.