Kinu cha nyuklia kilichobaki angani

Marekani imewahi kurusha kinu kimoja tu cha nyuklia kwenda angani, nacho hadi leo hakijarudi. Bado kinaizunguka dunia, kilomita zipatazo 1,300 juu yetu, na kila mzunguko kinaumaliza kwa chini ya saa mbili.

Kinaitwa SNAP-10A. Kilirushwa Aprili 3, 1965 kutoka Vandenberg, California, katika jaribio la Jeshi la Anga na Tume ya Nishati ya Atomiki. Jeshi lilitaka umeme wa kutegemewa kwa setilaiti zake. Betri zilikuwa zinaisha upesi, na paneli za jua za enzi hizo zilitoa umeme kiduchu.

Kinu kiliondoka ardhini kikiwa kimezimwa, na hapo wahandisi wanastahili sifa. Kilipokwisha kutulia kwenye obiti ndipo amri ilipotumwa kwa redio. Vipande vya berili vilivyokizingira vikageuka taratibu, vikawa vinarudisha nyutroni ndani, na atomi za urani zikaanza kupasuka mfululizo. Joto lilichukuliwa na sodiamu na potasiamu zilizoyeyuka, likafikishwa kwenye vifaa vya kuligeuza kuwa umeme bila mashine yoyote ya kuzunguka. Zilipatikana wati zaidi ya 500. Pasi ya nyumbani hutaka zaidi ya hizo, lakini kwa setilaiti ya mwaka 1965 huo ulikuwa utajiri.

Agena, chombo kilichokibeba kinu, kilikuwa pia na injini ndogo ya ioni inayotumia sesiamu, ya kwanza kujaribiwa kwenye obiti. Haikutimiza saa moja: umeme wake wenye volteji kubwa ulivuruga mitambo ya kukiongoza chombo, ikabidi izimwe.

Baada ya siku 43, kidhibiti volteji cha Agena kiliharibika. Kinu kikajizima, wala hakikuwaka tena. Inauma, kwa sababu chenyewe hakikuwa na kasoro: pacha wake aliyejaribiwa ardhini California alifanya kazi saa 10,000 bila kusimama.

Obiti ile ya juu ilichaguliwa makusudi, ili kinu kikae huko maelfu ya miaka, mionzi yake ipungue kabla hakijaanguka. Thamani ya uamuzi huo ilionekana Januari 1978, pale setilaiti ya Kisovyeti Kosmos 954, iliyozunguka chini zaidi, ilipoanguka na kinu chake na kutapanya mabaki yenye mionzi kaskazini mwa Kanada. Hata hivyo, mwaka uliofuata chombo chenye SNAP-10A kilianza kumeguka vipande, na anga hiyo leo imejaa setilaiti zinazoweza kugongana nacho.